Nani Kala Uniti? Mwongozo wa Amani kwa Nyumba Yenye LUKU Moja

LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ikianza kulia saa mbili usiku, nyumba ya vyumba sita hugeuka mahakama. Mama wa chumba cha mbele anasema umeme wa elfu kumi ulinunuliwa juzi tu, tena kwa simu yake, na ujumbe anao. Kijana wa chumba cha nne anazima sabufa kwanza ndipo anatoka, jambo ambalo mahakama inalihesabu kuwa ushahidi. Mwenye friji anakumbushwa, kama kila wiki, kwamba ana friji. Anajibu kwamba yeye hulipa mara mbili ya wenzake, na kwamba humu ndani kuna mtu anapiga pasi alfajiri watu wakiwa wamelala, hamtaji jina. Baada ya nusu saa hukumu inatoka, na ni ileile ya miezi yote: taa ya koridoni izimwe saa tatu, na mtoto anayesomea chini yake akasomee chumbani kwao.

Mwongozo huu nimeuandikia baraza hilo, na ndugu yake aliye ofisini, nitakayemfikia baadaye. Nataka kwanza kumtetea yule mtoto na taa yake. Kisha nitakuonyesha walaji wenyewe. Wapo, wana matumbo makubwa, na wengi wao hula wakati hakuna anayewatazama.

Pima tonge la kila mmoja

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kila kifaa kina kibandiko mgongoni au chini ya tumbo chenye namba na herufi W. Chukua namba hiyo, zidisha kwa saa ambazo kifaa kimewaka, gawanya kwa 1,000. Ukishajua hivyo unaweza kuwa hakimu katika nyumba yoyote ya Dar es Salaam.

Tuanze na mshtakiwa wetu. Taa ya LED ya wati 9 huwaka saa 111 kwa uniti moja, yaani usiku tisa kuanzia magharibi hadi alfajiri, na chenji inabaki. Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye kijiwaya kinachong'aa, humaliza uniti hiyohiyo kabla ya saa 17 kwisha, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto. Ikiwa bado inaning'inia kwako, itoe leo. Pasi ya wati 1,000 ikishika moto mfululizo huimaliza kwa saa moja. Hita ya bafuni ya wati 4,500, ile inayofungwa juu ya bomba la mvua, huimaliza kwa dakika 13 hivi. Mtu akioga chini yake kwa dakika 10 ametumia umeme ambao ungemwashia yule mtoto taa saa 83.

Waweke wote kwenye sinia moja la pilau, utaona. Taa inadokoa punje kwa vidole viwili. Feni inakata tonge la adabu. Televisheni na king'amuzi wanakula taratibu wakipiga soga. Halafu anafika hita, ananyanyua sinia lote na kuondoka nalo. Kanuni ni hii, na ukisahau mengine yote shika hii: kinachotengeneza joto au baridi ndicho kinachokula uniti. Kinachotoa mwanga, picha au sauti kina mlo mdogo. Kwa hiyo kijana wa chumba cha nne ana kesi ya kelele, si ya umeme, na ifunguliwe jalada lake peke yake.

Asiyeamini apewe ushahidi. Mita nyingi za LUKU zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake imeandikwa mipepeso mingapi inatimiza uniti moja. Mara nyingi ni 1,000. Siku ya Jumapili mchana iteni nyumba nzima. Zimeni kila kitu, kitaa kitulie. Washeni taa ya koridoni peke yake. Mtasubiri hadi mchoke, kwa kuwa mpepeso mmoja na mwingine itaachana kwa karibu dakika saba. Zimeni taa, chomekeni pasi. Kitaa kitaanza kupepesa kila baada ya sekunde chache. Mahakama yote ikiona hivyo kwa macho, ile hukumu ya koridoni inakufa yenyewe. Na kama kila kitu kimezimwa na kuchomolewa lakini kitaa bado kinapepesa, kuna waya unavuja au kuna mtu amejiunganishia. Hapo aitwe fundi mwenye leseni, leo hiihii, maana waya unaovuja haumalizi uniti tu, unaua.

Ndoo ya maji ya moto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi inapotokea mlangoni bila kuaga.

Ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi joto 25, ukitaka yafike 40 ya kuogea, inahitaji umeme unaozidi kidogo theluthi ya uniti. Hakuna hita ya Kijerumani wala ya Kichina inayoweza kupunguza hapo. Hicho ndicho kiasi ambacho maji yenyewe yanadai. Familia ya watu watano, kila mmoja ndoo yake kila siku, inamaliza uniti 52 kwa mwezi. Hujapika, hujapiga pasi, hujawasha hata taa.

Sasa weka uniti hizo 52 kando ya namba 75. Mteja mdogo wa nyumbani, anayewekwa kundi la D1, hulipa Sh 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida hulipa Sh 292. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku, na maji ya kuoga peke yake yameshachukua moja na robo tatu. Ndiyo maana watu huvuka mstari bila kujua walipoukanyaga.

Tena kwa nyumba yetu ya vyumba sita jambo ni chungu zaidi. Nafuu ile inahesabiwa kwa mita, haihesabiwi kwa familia. Familia sita zinazotumia umeme kidogo kila moja, zikikaa kwenye mita moja, machoni pa mita ni tajiri mmoja. Zinalipa bei ya tajiri. Hili si kosa la mwenye friji wala la mpiga pasi. Baba mwenye nyumba aendewe kwa heshima, na wapangaji wote kwa pamoja, aombwe kila familia ivutiwe mita yake. Akishindwa, zifungwe mita ndogo za vyumba, zinazoonyesha kila mmoja ametumia ngapi. Hazitarudisha ile bei ya chini, lakini zitarudisha salamu za asubuhi.

Kuhusu maji yenyewe: jua la Dar es Salaam ni hita isiyohitaji vocha. Jaza madumu meusi, yafunge, yaweke juani juu ya zege au bati kuanzia saa nne asubuhi, na yachukuliwe kabla jua halijapoa. Maji ya kuoga jioni yatakuwa tayari. Anayeoga alfajiri Dar mwezi wa Februari hana sababu ya maji ya moto, isipokuwa ni mtoto mchanga, mzazi, mgonjwa au mzee. Njombe na Mbeya mwezi wa Juni ni habari nyingine, huko simnyimi mtu ndoo yake. Namwambia tu achanganye maji vizuri, asichemshe ndoo nzima hadi itokote kisha aipooze kwa nyingine, na kama ana uwezo afikirie hita ya sola ya juu ya paa.

Ile hita ya kutumbukiza ndani ya ndoo nina ugomvi nayo mkubwa zaidi ya uniti. Usitie kidole majini kupima joto kabla ya kuchomoa waya kwenye soketi. Usiiwashe mtoto akiwa karibu. Usiiache ukaenda dukani. Nyumba isiyo na kifaa cha kukata umeme unapovuja isiwe nayo kabisa.

Jikoni, na heshima ya chupa ya chai

Jagi la umeme likijazwa lita moja na nusu kwa ajili ya kikombe kimoja cha mgeni, yaliyobaki yanapoa, na mgeni wa pili akija yanachemshwa tena. Mama zetu walishalitatua hili zamani kwa chupa ya chai, ile yenye maua ubavuni. Chemsha mara moja asubuhi, mimina kwenye chupa, funga. Kila chai ya siku hiyo imeshalipiwa. Sijaona kifaa cha kisasa kinachoishinda.

Maharage yalowekwe usiku kucha, bila mjadala. Sufuria ifunikwe. Ikishachemka punguza moto, kwa kuwa maji yanayotokota kwa fujo na yanayotokota kwa upole yana joto lilelile. Ile fujo ni uniti inayopaa kama mvuke. Jiko la koili la wati 1,000 likipika maharage saa mbili linakula uniti mbili. Jiko la presha la umeme, lililokingwa ubavuni ili joto lisitoke, linapika nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa kwa umeme ambao kwa kawaida haufiki nusu uniti, maana muda mwingi linakaa kimya likitumia joto lililokwisha kuingia. Baba wenye nyumba wengi wamepiga marufuku kupikia umeme, na kwa koili nawaelewa. Kwa jiko la presha wakubali wapimiwe kwanza kwa kile kitaa chekundu. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Lengo hilo haliwezi kufika mlangoni kwa mpangaji likakuta tangazo la katazo lililoandikwa kwa mkaa.

Pasi: nguo za wiki nzima zipigwe siku moja, nzito kwanza ikiwa ya moto, nyepesi mwishoni ikiwa imeshachomolewa. Yule wa alfajiri anayepasha pasi kila siku kwa ajili ya shati moja anaumia kwenye kupasha, si kwenye kunyoosha. Nimemtaja bila kumtaja.

Friji ni mlaji wa kudumu, analala mezani. Friji la kawaida kula uniti moja kwa siku si ajabu, na likitendewa vibaya hula zaidi. Lisisukumwe hadi ukutani. Mgongo wake unatoa joto, unahitaji nafasi ya kupumua. Lisiwekwe karibu na jiko. Usiliingizie sufuria ya wali wa moto. Bana karatasi mlangoni, funga, vuta: ikitoka kirahisi mpira umechoka, na baridi unayoinunua inamwagika sakafuni usiku kucha. Barafu ikinenepa kwenye kuta zake iyeyushwe, na kisu kisihusike. Wapo wanaolizima usiku ili kuokoa. Asubuhi linafanya kazi kubwa kurudisha baridi, akiba inakuwa ndogo, na samaki wa juzi ndiye anayelipa tofauti.

Na kama friji la nyumba yako kazi yake kubwa ni maji ya kunywa, rudisha mtungi. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo; maji yanapenya taratibu, yanakauka juu ya ngozi ya mtungi, na yanapokauka yanabeba joto. Dodoma, kwenye hewa kavu, mtungi uliowekwa kivulini penye upepo unatoa maji yanayoburudisha koo. Pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo kazi inapungua, lakini haiishi.

Upepo wa bure

Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar hawakuwa na kiyoyozi, nao walikaa. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu, na vichochoro vinavyotiliana kivuli. Pwani yote ilijua kaskazi inaanza lini na kusi inaanza lini, na dirisha lilikatwa likijua linamsubiri nani.

Sisi tunajenga chumba cha tofali kwa bati lisilo na dari, tunaweka dirisha la aluminiamu la kuteleza, ambalo hata likifunguliwa lote linafunguka nusu, kisha tunanunua kiyoyozi kipigane na nyumba. Dari hata ya kawaida tu, inayoacha hewa ipite kati yake na bati, hupunguza moto unaoshuka kichwani. Dirisha moja halileti upepo; yanatakiwa mawili, upepo uingie huku utokee kule. Mwarobaini au mwembe uliopandwa upande wa magharibi unakinga ukuta dhidi ya jua la alasiri, ambalo ndilo kali. Anayejenga sasa namwomba sana aongee na fundi kuhusu hili kabla ya kuongea kuhusu rangi ya geti.

Feni ya wati 60 ikizunguka kwa saa nane za usiku haifikishi nusu uniti. Ijue tabia yake: haipoozi chumba, inapooza ngozi ya mtu. Ikizungukia kitanda kitupu inafanyia kazi ukuta.

Ofisini, ambako hakuna mama wa chumba cha mbele

Umeme wa ofisini ni kama nyama ya harusi, hakuna anayehesabu vipande. LUKU haimlilii mtu sikioni. Ankara inakwenda kwa mhasibu, naye anailipa akihema peke yake. Mtu yuleyule anayemgombeza mwanawe nyumbani kwa kuacha taa, hapa ameketi Februari ya Dar es Salaam amevaa sweta, kwa kuwa kiyoyozi kimewekwa nyuzi 16. Mlangoni kuna karatasi inayosema tafadhali funga mlango, AC inafanya kazi. Karatasi imebandikwa kwenye mlango uliozuiwa kwa tofali ili usifunge.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu uniti moja kila saa kompresa yake inapozunguka. Kukiweka 16 hakukifanyi kipooze upesi. Kinapooza kwa mwendo uleule, ila hakitajua pa kusimama. Weka 24 au 25 na feni ndogo kando. Vichujio vyake vioshwe, maana vumbi ni blanketi. Nani ashike rimoti? Ushauri wangu ni mmoja: apewe yule anayevaa sweta.

Mapazia yamefungwa saa sita mchana na taa kumi zinawaka chini yake, fungueni mapazia. Ile mashine ya maji ya kunywa yenye bomba jekundu na la bluu inachemsha na kupooza Jumamosi na Jumapili nzima, ikiwasubiri watu walio nyumbani kwao. Swichi zake ziko mgongoni. Kompyuta ya mezani na kioo chake vikiachwa viwake tangu Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi, hizo ni saa 63. Kwa wati 60 tu, kompyuta kumi zinamaliza karibu uniti 38. Hiyo ni nusu ya kiwango cha mwezi mzima cha ile familia ya D1, imeliwa na ofisi isiyo na mtu.

Anayejua ukweli wote huu ni mzee wa ulinzi, naye hajawahi kuulizwa. Mwendee jioni.

"Shikamoo mzee. Usiku huku juu huwa kunawaka nini?"

"Marahaba mwanangu. Kile chumba cha mikutano hakijalala tangu Jumatatu."

Apewe orodha ya vya kuzima, ruhusa ya kuzima, na barua yenye mhuri inayosema ana ruhusa hiyo, kwa sababu bila mhuri hatagusa swichi ya bosi, na atakuwa na haki. Kisha akiba ya mwezi wa kwanza ihesabiwe na ibandikwe ukutani. Sehemu yake iende kwa mzee.

Kuna wanaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwa sababu Bwawa la Julius Nyerere la Mto Rufiji limekamilika na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Nalifurahia bwawa hilo. Waliokaa gizani mwaka 2006 na tena 2011 hawahitaji kuelezwa thamani yake. Lakini umeme wa Rufiji hauingii chumbani kwako bure, na hauji peke yake: unapita kwenye nyaya na transfoma ya mtaa, na transfoma hiyo saa moja jioni inabebeshwa pasi, hita na majiko ya mtaa mzima kwa wakati mmoja. Ikizidiwa inakatika, hata Rufiji wakiwa na maji ya kumwaga.

Kesho alfajiri, kabla mtu wa kwanza hajaingia bafuni, soma namba iliyo kwenye rimoti ya LUKU na uiandike ukutani kwa penseli. Wakishaoga wote, soma tena. Waite wapangaji wenzako waione hiyo tofauti. Na usiku mwachieni yule mtoto taa ya koridoni, ana mtihani.